Picha Moja, Vioo Vingi: Namna Watengeneza Tovuti Walivyoingia Katika Uandishi wa HTML

Chukua picha ya habari yenye upana wa pikseli 2,000 na kimo cha pikseli 1,333. Ukizidisha utapata pikseli zipatazo milioni 2.67. Simu inayoionyesha picha hiyo kwa upana wa pikseli 400 inahitaji pikseli 107,000 hivi, ambazo ni sehemu moja tu katika ishirini na tano. Zinazosalia hupakuliwa zote, hukatwa kwenye bando la mwenye simu, kisha kivinjari huifinya picha na kuzitupa bila yeye kuona tofauti yoyote.

Kwa miaka mingi HTML, lugha inayoandikiwa kurasa za wavuti, haikumpa mwandishi wa ukurasa njia ya kukiambia kivinjari kwamba anayo picha moja katika saizi nne na kwamba kichague inayokitosha. Leo njia hiyo ipo, na kila kivinjari kikubwa kinaielewa. Iliingia katika kiwango kati ya mwaka 2012 na 2014 baada ya mvutano ambao, kwa maoni yangu, unaeleza vizuri kuliko mfano mwingine wowote maana ya kusema kwamba kiwango cha wavuti ni "huria" na kwamba jamii "inashiriki" kukiandika. Maneno hayo mawili husemwa kwa wepesi mno, na yanapochunguzwa huonekana yamefungasha mambo kadhaa yasiyofanana.

Huria kwa nani

Kiwango cha programu ni hati inayoeleza kwa undani namna programu zilizotengenezwa na watu wasiofahamiana zinavyopaswa kuelewana. Hati ya HTML inasema kivinjari kikikutana na tagi fulani, yaani alama inayoonyesha kipande cha ukurasa ni kitu gani, kifanye nini, na kikikutana na tagi iliyokosewa kifanye nini, ili ukurasa ulioandikwa Dodoma usomeke vilevile kwenye simu iliyotengenezwa Korea na kwenye kompyuta iliyoundwa Marekani. Kiwango kama hicho huitwa huria kwa sababu mtu yeyote anaweza kuisoma hati yake bila malipo, na yeyote anaweza kuitekeleza katika programu yake bila kudaiwa mrabaha wa hataza. W3C, shirika la viwango vya wavuti lililoanzishwa na Tim Berners-Lee mwaka 1994, liliweka sera rasmi ya kutodai mrabaha mwaka 2004.

Huo ni uhuria wa kutumia. Uhuria wa kuandika ni jambo jingine, na anayeuchanganya na ule wa kwanza atashangaa siku atakapopeleka pendekezo lake.

Tagi ya picha yenyewe ni ushahidi. Februari 1993 Marc Andreessen, aliyekuwa akitengeneza kivinjari cha Mosaic katika Chuo Kikuu cha Illinois, alipendekeza tagi mpya aliyoiita "img". Wenzake walileta mawazo mengine, baadhi yakiwa na upeo mpana zaidi, na mjadala ungeweza kuendelea kwa miezi mingi. Andreessen hakuungoja. Alikuwa na msimbo uliokwisha kufanya kazi, akautoa pamoja na kivinjari chake, na watu wakaanza kuweka picha kwenye kurasa zao kwa tagi hiyo. Ilikuwa na sifa moja ya msingi, "src", yenye kubeba anwani moja ya faili moja. Miaka kumi na tisa baadaye, watu walikuwa bado wanahangaika na ile anwani moja.

Aliye na kivinjari, basi, ana kura nzito kuliko aliye na hoja. Kifungu cha kiwango ambacho hakuna kivinjari kinachokitekeleza kinabaki maandishi matupu, na jambo linalotekelezwa na vivinjari vyote huwa kiwango hata kabla halijaandikwa. Mwaka 2004, W3C ilipokuwa ikiweka nguvu zake katika lugha mpya ya XHTML ambayo watengeneza vivinjari hawakuiona kuwa na mustakabali, Apple, Mozilla na Opera walijitenga wakaunda kundi la WHATWG ili kuiendeleza HTML iliyokuwa ikitumika tayari. W3C ilirudi kwenye HTML mwaka 2007, lakini kufikia mwaka 2012 lugha moja ilikuwa na nyumba mbili, na mtu wa nje alishindwa kujua abishe hodi wapi. Mhariri wa hati ya WHATWG, Ian Hickson, alikuwa na mamlaka makubwa ya kuamua nini kiingie na nini kibaki nje, ingawa yeye mwenyewe alijua fika kwamba akiandika kitu wasichokitaka wenye vivinjari atakuwa anaandika hadithi.

Yapo maandishi ya W3C ya mwaka 2007 kuhusu misingi ya kubuni HTML, yanayopanga wanaopaswa kusikilizwa pale maslahi yanapogongana: kwanza watumiaji, kisha waandishi wa kurasa, kisha watekelezaji wa vivinjari, kisha waandishi wa kiwango, na mwisho kabisa usafi wa nadharia. Ni mpangilio wa haki. Tatizo lake ni kwamba watumiaji ni mabilioni na waandishi wa kurasa ni mamilioni waliotawanyika, ilhali watekelezaji ni wachache, wanafahamiana, na wanalipwa mshahara wa kuhudhuria mjadala.

Kivinjari chenye haraka

Mwaka 2010 mbunifu Mmarekani Ethan Marcotte alieleza namna ya kujenga ukurasa mmoja unaojipanga upya kulingana na upana wa kioo, badala ya kuwa na tovuti moja ya kompyuta na nyingine ya simu. Mwaka uliofuata gazeti la Boston Globe lilitoa tovuti iliyojengwa kwa mtindo huo, na mmoja wa walioijenga alikuwa Mat Marquis wa kampuni ndogo ya Filament Group. Maandishi na safu za ukurasa zilijipanga vizuri. Picha zikawa mzigo, kwa kuwa zilipaswa kuandaliwa kwa kioo kikubwa kuliko vyote na hivyo kupelekwa kwa kila mtu zikiwa na uzito uleule.

Walijaribu mbinu. Skripti ndogo, yaani programu fupi iliyowekwa ndani ya ukurasa, ilipima upana wa kioo, kisha ikajitahidi kubadilisha ombi la picha kabla halijatoka. Mbinu hiyo ilifanya kazi kwa muda, hadi vivinjari vilipozidi kuwa na haraka. Kivinjari cha kisasa hakingoji ukurasa ufike wote, wala hakingoji skripti zimalize kazi yake. Kina kisomaji kinachotangulia mbele, kikipita juujuu kwenye HTML na kuokota anwani za picha ili upakuaji uanze mapema iwezekanavyo, kabla hata kivinjari hakijajua picha hizo zitakaa wapi au kwa upana gani. Skripti ilipofika na anwani ya picha ndogo, ile kubwa ilikuwa imeshaanza kushuka, na mtumiaji akajikuta analipia zote mbili.

Msomaji akumbuke nukta hiyo, kwa kuwa ndiyo iliyoamua yote yaliyofuata. Watengeneza tovuti wana mazoea ya kutatua shida zao wenyewe kwa skripti, na wengi wao hawana sababu ya kujishughulisha na viwango maisha yao yote. Safari hii ujanja wa nje haukuweza kufua dafu, kwa sababu uamuzi ulikuwa unafanyika mapema mno, ndani ya kivinjari, mahali ambapo msimbo wa mwandishi wa ukurasa haufiki. Ilibidi lugha yenyewe ibadilishwe.

Baraza wasilokaa waamuzi

Agosti 2011 W3C ilikuwa imeanzisha utaratibu wa vikundi vya jamii. Uanachama kamili wa W3C hulipiwa na mashirika; kikundi cha jamii kinaweza kuanzishwa na yeyote, kujiunga ni bure, na sharti kubwa ni kutia saini mkataba unaoachilia haki za hataza juu ya kile unachokichangia. Marquis na wenzake walipouliza wapi pa kupeleka shida ya picha, walielekezwa huko. Februari 2012 wakaanzisha Kikundi cha Jamii cha Picha Nyumbufu, kinachojulikana zaidi kwa herufi zake RICG.

Walifanya kazi kwa bidii. Walipendekeza tagi mpya, "picture", iliyofuata mfano wa tagi ya "video" ambayo tayari iliruhusu faili kadhaa kuorodheshwa ndani yake kwa tagi ndogo za "source". Kila "source" ingekuwa na sharti, kwa mfano kwamba kioo kiwe na upana usiopungua kiasi fulani, na kivinjari kingetumia ya kwanza ambayo sharti lake limetimia. Pendekezo lilijadiliwa na watengeneza tovuti wengi, likaandikiwa mifano na kuzoeleka.

Kisha, Mei 2012, mhandisi wa Apple aitwaye Edward O'Connor aliwasilisha WHATWG pendekezo tofauti kabisa: sifa mpya ya "srcset" katika tagi ya "img" ya zamani, yenye kuorodhesha faili kadhaa na msongamano wa pikseli wa kila moja. Apple ilikuwa na haja ya wazi, kwani tangu mwaka 2010 iliuza simu zenye vioo vya pikseli nyingi na mwezi uliofuata ingetoa kompyuta za namna hiyo. Siku chache baada ya pendekezo kuwasilishwa, Hickson aliliingiza katika rasimu ya kiwango. Kazi ya miezi ya kikundi cha jamii haikuingia.

Hasira iliyolipuka haikuwa ndogo. Watengeneza tovuti waliona wamefanyiwa dharau: waliambiwa waende kwenye kikundi, wakaenda, wakafanya kazi, kisha pendekezo la kampuni likapita kwa siku ambazo zinahesabika kwa vidole. Upande wa pili nao ulikuwa na majibu. Wahandisi wengi wa vivinjari hawakuwa wakifuatilia kikundi hicho kabisa, wala hawakuwa wamewahi kuahidi kukifuatilia. Aliyewaelekeza watu huko na aliyekuwa akiamua hawakuwa mtu mmoja, na kwa hakika hawakuwa hata shirika moja. Hickson alikuwa na pingamizi za kiufundi pia. Aliona tagi ya "picture" ni ndefu kuandikwa, ni rahisi kukosewa, na inakinyima kivinjari uhuru wa kuchagua kwa kutumia habari ambazo mwandishi hana, kama vile kasi ya mtandao kwa wakati huo.

Ni kawaida kuisimulia Mei hiyo kama kisa cha wakubwa kuwadharau wadogo. Siukatai usimulizi huo, lakini naona kosa la msingi lilikuwa la kimuundo: baraza lilifunguliwa, watu wakakaribishwa, na waamuzi hawakuwa wanakaa humo. Jambo hili hutokea mbali na programu pia, na yeyote aliyewahi kuhudhuria mkutano wa kutoa maoni juu ya uamuzi uliokwisha kupitishwa analijua. Uwazi wa mlango hausaidii kitu kama chumba chenyewe sicho.

Kutenganisha haja na dawa

Kikundi kingeweza kuvunjika hapo. Badala yake kilifanya kazi isiyo na mvuto wowote, nayo ndiyo iliyogeuza mambo: kiliandika hati ya matumizi na mahitaji, iliyohaririwa na Marcos Cáceres, mtu mwenye uzoefu wa muda mrefu wa hati za W3C.

Hati ya mahitaji haipendekezi tagi wala sifa. Inaeleza hali ambazo mwandishi wa ukurasa hukutana nazo, na inasema suluhisho lolote lazima liweze nini ili kuzimudu hali hizo. Faida yake ni kwamba watu wanaopingana juu ya dawa wanaweza kukubaliana juu ya ugonjwa, na wakishakubaliana, kila dawa inapimwa kwa kipimo kilekile. Kabla ya hapo ugomvi ulikuwa kati ya "picture" na "srcset", kana kwamba ni timu mbili za mpira. Baada ya hapo swali likawa ni hali ipi inayotatuliwa na ipi inayoachwa.

Ndipo ilipodhihirika kwamba pande mbili zilikuwa zikizungumzia mambo mawili. Haja ya kwanza ni ya saizi: picha ni ileile, mandhari yake ni yaleyale, na tofauti ni idadi ya pikseli tu. Hapo hakuna ubaya wowote kivinjari kikipewa uhuru, kwa sababu hata kikichagua faili ndogo kwa kuwa mtandao ni dhaifu, msomaji ataona picha ileile ikiwa na ukungu kidogo. Haja ya pili ni ya maudhui. Fikiria picha pana ya uwanja wa mpira, yenye majukwaa yaliyofurika na mfungaji wa bao akiwa katikati. Kwenye kompyuta inapendeza. Kwenye simu mfungaji anakuwa mdogo kama sisimizi. Mhariri wa picha angependa simu ionyeshe mkato wa mfungaji peke yake. Hapa kivinjari hakipaswi kuwa na hiari, kwa sababu mkato mmoja hauwezi kuchukua nafasi ya mwingine kwa kisingizio cha kasi ya mtandao. Kinapaswa kutii.

"Srcset" ilikuwa jibu zuri kwa haja ya kwanza na jibu baya kwa ya pili. "Picture", kama ilivyoandikwa awali, ilikuwa kinyume chake. Ulikuwepo pia mgawanyo wa tatu, wa aina ya faili: kivinjari kinachoelewa muundo mpya wenye kubana zaidi kipewe huo, na kisichouelewa kipewe JPEG ya zamani.

Njia ya kufika kwenye suluhisho moja haikunyooka hata hivyo. Mwaka 2013 Tab Atkins wa Google na wenzake walileta pendekezo la tatu, "src-n", lililotumia sifa zenye namba moja baada ya nyingine, na kwa muda likaonekana kuwa ndilo litakaloshinda, hadi wahandisi wa WebKit, injini ya kivinjari cha Apple, walipolikataa waziwazi. Pendekezo lilikufa lakini wazo lake moja likaokolewa: mwandishi aorodheshe upana wa kila faili na aseme picha itachukua nafasi gani kwenye ukurasa, kisha hesabu aiachie kivinjari. Ikiwa zipo faili za pikseli 400, 800 na 1,600, na nafasi ya picha ni vipimo 360 kwenye simu yenye msongamano wa pikseli maradufu, yaani pikseli mbili kwa kila kipimo cha upana, kivinjari kinajua kinahitaji pikseli 720 na kinachukua faili ya 800. Mwandishi hahitaji kujua lolote kuhusu simu hiyo. Hesabu hii inafanyika kwa sifa mbili, "srcset" na "sizes", na kwa kuwa zote zimo ndani ya HTML, kile kisomaji kinachotangulia mbele kinaweza kuzisoma mapema.

Fundo la mwisho lilifunguliwa na Simon Pieters, aliyekuwa Opera. Alipendekeza kwamba "picture" isiwe tagi ya kuonyesha picha kabisa. Iwe ganda tu linaloizunguka "img" ya kawaida, na kazi yake iwe kuiambia "img" hiyo itumie faili gani. Pendekezo hili lilionekana dogo, lakini lilifuta sehemu kubwa ya pingamizi, kwa sababu kila kitu ambacho vivinjari vilikuwa vikikifanya kwa "img" tangu mwaka 1993 kilibaki mahali pake: maelezo mbadala kwa wasioona, skripti zinazongoja picha imalize kushuka, mitindo, vyote. Kivinjari cha zamani kisichoijua "picture" kingeipuuza na kuionyesha "img" iliyomo ndani. Mapendekezo mawili yaliyogombana mwaka 2012 yakaingia pamoja, moja ndani ya jingine.

Msimbo na mfuko

Makubaliano ya maandishi bado si kivinjari. Tangu mapema Scott Jehl wa Filament Group alikuwa ametengeneza Picturefill, skripti iliyoiga tabia ya tagi mpya katika vivinjari visivyoijua, na kwa njia hiyo watengeneza tovuti waliweza kuijaribu tagi kwenye kazi halisi na kurudisha habari za mahali inapokwama. Ndani ya vivinjari vyenyewe, hata hivyo, kazi ilihitaji mtu mwenye ujuzi wa msimbo wa injini, na kampuni zilikuwa na vipaumbele vingine.

Yoav Weiss hakuwa mwajiriwa wa kampuni yoyote ya vivinjari. Alikuwa mtaalamu wa kasi ya tovuti, mwanachama wa kikundi, na alianza kuandika utekelezaji katika Blink, injini inayotumiwa na Chrome na Opera, ambayo msimbo wake ni huria na hupokea michango ya watu wa nje ikikidhi ukaguzi. Kazi hiyo ya muda wa ziada haikuweza kwenda haraka. Mwaka 2014 kikundi kikaanzisha mchango wa hadhara mtandaoni ili Weiss aache kazi nyingine kwa muda na kuimaliza hii, na lengo la dola 10,000 likapitwa. Watengeneza tovuti, mmoja mmoja, walitoa pesa zao ili kivinjari cha mojawapo ya kampuni tajiri kuliko zote duniani kipate uwezo ambao kampuni hiyo ilikuwa haijaufanyia haraka. Nimewahi kusikia jambo hili likisifiwa kama ushindi mtupu wa jamii. Mimi naliona lina pande mbili: ni ushahidi wa mshikamano wa ajabu, na pia ni harambee iliyofanywa kwa niaba ya mtu asiye na shida ya pesa.

Chrome 38 ilitoka na "picture" Oktoba 2014. Firefox ilifuata Mei 2015, Edge Novemba mwaka huohuo, na Safari Machi 2016.

Gharama ya kiti

Watu waliopitia mvutano huo hawakurudi nyumbani. Mwaka 2015 W3C ilianzisha kikundi kipya cha kuatamia mawazo, WICG, kwa lengo la kuwa na mahali pamoja ambapo mtengeneza tovuti analeta shida, mhandisi wa kivinjari anaisikia mapema, na wazo likikomaa linahamishiwa kwenye kiwango. Weiss na Cáceres walikuwa miongoni mwa wenyeviti wake. Mwaka 2019 W3C na WHATWG zilitia saini makubaliano yaliyomaliza hali ya nyumba mbili: HTML sasa inaandikwa WHATWG peke yake. Rasimu iko wazi, mabadiliko yote yanaonekana, na mtu binafsi anaweza kuchangia bila ada. Badiliko kubwa linahitaji kuungwa mkono na watekelezaji wasiopungua wawili, na linaambatana na majaribio yanayoonyesha kwamba kivinjari kinafanya kile kilichoandikwa. Hata hivyo, mizozo ikishindikana kutatuliwa, kamati yenye neno la mwisho inaundwa na Apple, Google, Microsoft na Mozilla. Sioni sababu ya kulificha hilo wala ya kulikuza. Ndiyo hali halisi, na mshiriki anayeijua hapotezi muda kwenye baraza wasilokaa waamuzi.

Gharama kubwa zaidi ya ushiriki siku hizi ni muda. Mjadala wa kifungu kimoja unaweza kuchukua miaka miwili, unafanyika kwa Kiingereza cha kitaalamu, na mwajiriwa wa kampuni kubwa analipwa kuufuatilia wakati mtengeneza tovuti wa Arusha au Mombasa anaufuatilia usiku, baada ya kazi inayomlipa. Lakini upo uwanja mmoja ambao wa Arusha anaweza kuwa na nguvu kuliko mwenzake, nao ni uleule uliokiokoa kikundi cha picha: kueleza haja. Mhandisi mwenye mtandao wa faiba usiokatika hajui bando la MB mia tano linavyoisha kabla ya saa sita mchana, wala namna ukurasa unavyofanya kazi mtandao unaporuka kutoka 4G hadi 3G ndani ya daladala. Anayeandika hali hiyo kwa vipimo, akionyesha ukurasa gani, simu gani, faili zipi zilizoshuka bila kutumika na mbinu zipi alizokwisha kuzijaribu zikashindwa, anampa mhariri wa kiwango kitu ambacho hawezi kukipata kwingine. Anayeandika "tunataka tagi hii" anampa pendekezo jingine la kuwekwa kwenye foleni. Tofauti ya uzito kati ya barua hizo mbili ni kubwa, na haitegemei aliyeiandika ameajiriwa na nani.

Njia hiyohiyo ilitumika tena kwa jambo ambalo watengeneza tovuti waliliomba kwa takriban muongo mzima, yaani sehemu ya ukurasa kujipanga kulingana na upana wa kisanduku kilichoibeba na si wa kioo kizima. Kikundi cha picha kiliendelea nalo, baadaye Miriam Suzanne, mtaalamu asiye mwajiriwa wa kampuni ya vivinjari, akaandika pendekezo lililokubalika, na kati ya mwaka 2022 na 2023 vivinjari vikuu vyote vikalitekeleza.

Picha nazo ziliwafikia watu kwa njia ambayo wengi hawaijui. Baadhi ya wanachama wa kikundi walitengeneza programu-jalizi ya WordPress, programu ya kujengea blogu na tovuti, na Desemba 2015 kazi yao iliingizwa katika WordPress 4.4 yenyewe, ili kila picha inayopandishwa itengenezewe saizi kadhaa na kuandikiwa "srcset" na "sizes" bila mwenye blogu kugusa chochote. Ukifungua blogu ya Kiswahili iliyojengwa kwa WordPress, ukaangalia msimbo wa ukurasa wake, kuna uwezekano mkubwa wa kukuta kando ya "img" orodha ya faili zenye alama za 300w, 768w na 1024w, yaani upana wa kila faili kwa pikseli. Sehemu iliyobaki kuwa ngumu ni "sizes", ambayo mwandishi hulazimika kukisia nafasi ya picha na mara nyingi hukosea. Malalamiko juu yake yalianza mapema, na ndiyo yaliyozaa nyongeza ya baadaye kwenye kiwango inayoruhusu neno "auto" kwa picha zinazopakuliwa pale tu msomaji anapozikaribia, kwa kuwa wakati huo kivinjari kimeshajua nafasi yake na hakihitaji tena kuambiwa.